Mwenye Motere Kubwa Atoke wa Mwisho



Konje kubwa inakaribia. Wenzetu wa Kolwezi na wa Fungurume wana njia yao ya gari. Lakini sisi wa mtoni, tunaotoka Kikondja, Malemba-Nkulu na Mulongo, tunapashwa kwanza kufika Bukama, halafu kupanda mashua. Kwa hiyo tunaomba nafasi katika gazeti letu tuseme jambo moja ambalo limetukaa moyoni tangu mwaka jana. Tunalisema sasa, mbele ya mitihani, maana siku ya kufunga mabegi hakuna mtu anayesikiliza.

Neno letu ni fupi. Tukisafiri kwa mashua, tusafiri kwa msafara wenye hesabu na wenye sheria. Na sheria ya kwanza iwe hii: mwenye motere kubwa atoke wa mwisho.

Tunajua wengine watacheka. Mwenye mbio atoke wa mwisho? Njo maana alilipa zaidi, apate kufika mbele! Mutuvumilie kidogo, tutaeleza.

Kwanza tukiri kosa letu. Mwezi wa saba mwaka jana tulifika Bukama tukiwa wanafunzi 11. Kulikuwa na mashua mbili siku ile. Moja ilikuwa na motere kubwa, mpya, na bei yake kubwa vilevile. Ya pili ilikuwa balenyere ya zamani, imejaa magunia ya chumvi, baiskeli na kuku, na motere yake ilikohoa kama mzee wa kipwa. Sisi 5 wenye pesa kidogo tulipanda ya kwanza. Wenzetu 6 walipanda ya pili, kati yao dada mmoja mdogo wa darasa la nane. Mwenye mashua yetu alisema: «Musiogope, tutabangojea pa kuingilia ziwa.» Tulifurahi, tukapunga mikono, tukaenda.

Tulipofika pa kuingilia ziwa la Kisale hakungoja. Alisema mafuta yatakwisha. Sisi tulisema nini? Hatukusema kitu. Jua lilikuwa linashuka na tulikuwa na njaa ya nyumbani. Tulilala Kikondja vizuri, tumekula samaki. Mama mmoja akatuuliza: «Na benzenu?» Tukajibu: «Beko nyuma, banakuja.» Akauliza tena: «Beko bangapi mu ile mashua?» Hapo tukatazamana. Wenzetu wa shule tuliwajua. Lakini watu wote waliomo, hakuna aliyejua. Hakuna aliyehesabu.

Motere ya wenzetu ilikufa saa kumi na moja jioni. Maji yakawasukuma ndani ya mafunjo. Mulio na kwenu ku ziwa munajua mafunjo ya Kisale: yanaota juu ya maji, upepo unayahamisha, njia ya leo kesho imefungwa. Walikaa humo usiku mzima, na mbu, bila rezo ya simu. Yule dada alishikwa na homa. Asubuhi mvuvi mmoja mwenye mtumbwi aliwasikia wakiita, akaenda kuleta watu wa kuwavuta. Wote ni wazima, tunamshukuru Mungu. Lakini yule dada aliporudi shuleni alituuliza swali moja tu: «Yaya, munatuwacha namna gani?» Mpaka leo hatujapata jibu la kumpa. Makala hii njo jibu letu.

Sasa tuje kwa sheria yenyewe. Hatukuitunga sisi. Huko pwani, Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, ziko klabu za mashua. Watu wenye mashua za matanga na watu wenye mashua za motere ni wanachama wa klabu moja. Mashua za namna hii zikitoka pamoja kufuata pwani, kwenda kulala katika ghuba au kisiwa na kurudi, shida inajulikana tangu zamani: tanga na motere hazina mwendo mmoja. Tupige hesabu kama mwalimu wetu anavyotufundisha. Safari ni kilometa 37, ndizo maili 20 za baharini. Mashua ya tanga ikipata upepo wa kadiri inakwenda maili 5 kwa saa. Itatumia saa 4. Mashua ya motere inakwenda maili 20 kwa saa. Itatumia saa 1 tu.

Zikitoka pamoja saa 12 asubuhi, motere inafika saa 1. Kwa muda wa saa 3 zote zinazobaki, ile ya tanga iko peke yake baharini. Ikivunjika mlingoti, ni nani atajua? Aliye na nguvu ya kusaidia yuko mbele, amekaa kivulini, anakunywa chai.

Lakini tanga ikitoka saa 12, na motere ikitoka saa 3, zote zinafika saa 4. Tena kuna faida kubwa zaidi: ile ya motere, kwa sababu imetoka nyuma, inazikuta njiani mashua zote zilizochelewa. Inaona kila moja kwa macho. Aliyekwama inamkuta. Aliyezimikiwa inamvuta. Nguvu yake inageuka ulinzi wa watu wote. Ikitangulia, nguvu ileile inageuka majivuno tu. Mbio ni zilezile, mafuta ni yaleyale. Kilichobadilika ni mahali ilipowekwa.

Njo maana tunasema: mwenye motere kubwa atoke wa mwisho.

Wengine watasema hayo ni mambo ya matajiri wa pwani wenye kutembea kwa raha, sisi hapa Lubudi hatuna bahari. Ni kweli, bahari hatuna. Lakini wenyeji wa pwani walisafiri kwa msafara mbele ya klabu hizo kuzaliwa. Majahazi ya Uarabuni yalishuka mpaka Lamu, Mombasa na Zanzibar kwa pepo za kaskazi, kuanzia mwezi wa 12, na kurudi kwao kwa kusi kuanzia mwezi wa 4. Kila nahodha alifuata majira yaleyale, kwa hiyo waliondoka kwa wakati mmoja na kukutana katika bandari zilezile. Mwaustralia Alan Villiers, baharia na mwandishi, alisafiri katika jahazi moja la Kuwait mwaka 1938 na 1939, kutoka Aden mpaka Zanzibar na Rufiji, na baadaye mpaka Kuwait. Watu wale hawakuwa matajiri wa kutembea. Walikuwa wafanya biashara, na bado hawakuona aibu kungoja majira.

Tena, tusiseme kwamba teritware yetu haijui safari za boti. Wengi wetu hawajui kwamba mwaka 1915, wakati wa vita ya kwanza ya dunia, boti mbili za motere zilipita juu ya milima yetu. Ndiyo, juu ya milima! Majina yake Mimi na Toutou, kila moja urefu wa mita 12 hivi. Waingereza walitaka kuzipeleka ziwa Tanganyika kupigana na meli za Wadachi. Mkubwa wa msafara aliitwa Geoffrey Spicer-Simson. Zilitoka Cape Town kwa treni mpaka Fungurume, ambayo sasa iko katika teritware yetu ya Lubudi. Mwezi wa nane zilishushwa pale. Kutoka pale zilivutwa kwa mashine za mvuke na kwa ng'ombe kupita milima ya Mitumba, zaidi ya kilometa 200, mpaka Sankisia. Madaraja zaidi ya 100 yalipashwa kujengwa kwa miti njiani. Maji ya mashine yalipokosekana, mama zetu wa vijiji waliyabeba kwa vichwa. Majina ya wazungu wale yameandikwa katika vitabu. Majina ya mama wale, na ya wanaume waliokata miti, hatuyaoni. Tuwakumbuke hapa, maana bila wao hakuna boti ingevuka.

Mwisho wa mwezi wa tisa boti zilifika Sankisia, zikapanda treni mpaka Bukama, zikashushwa mtoni. Ilikuwa mwisho wa kipwa, maji yalikuwa kidogo sana. Walifunga mapipa matupu chini ya boti ili yaziinue, na bado zilikwama mchangani mara nyingi. Lakini zote mbili zilifika Kabalo, na kutoka Kabalo treni ikazipeleka ziwani, upande wa Kalemie ya leo, mwezi wa kumi. Tarehe 26 mwezi wa 12 ziliikamata meli ya Wadachi Kingani. Mwezi wa 2 mwaka 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann.

Vita ile haikuwa yetu na hatuisifu. Lakini tunaangalia safari yenyewe. Msafara ule ulikwenda kwa mwendo wa nani? Ulikwenda kwa mwendo wa ng'ombe na wa mashine za mvuke zenye kiu. Motere za boti zile zilikuwa na nguvu kupita mashua nyingi za wakati ule, lakini kule mlimani nguvu ile ilikuwa mzigo tu. Hakuna aliyesema: tuiache moja hapa, tutangulie na nyingine. Zilitoka mbili, zikafika mbili. Na sisi, miaka zaidi ya 100 nyuma yao, katika mto uleule, tulitoka 11 tukafika 5.

Sasa kuhusu hesabu ya watu. Tarehe 21 mwezi wa 5 mwaka 1996, meli MV Bukoba ilizama katika ziwa Victoria karibu na Mwanza. Watu zaidi ya 800 walikufa. Abiria wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa. Wa daraja la tatu, ndio maskini, hawakuwa na orodha. Hapa kwetu Kongo, tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024, mashua iliyotoka Minova ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu ng'ambo wakiiona kwa macho. Makumi walikufa, na hesabu ya wafu haikuwa moja: huyu alisema hivi, yule vile. Mtu asiyehesabiwa wakati wa kupanda hawezi kutafutwa vizuri wakati wa kuzama. Jamaa yake hawana hata karatasi ya kuonyesha kwamba alikuwamo.

Tunasikia pia neno lingine, na hili linatoka kwa watu wa sala: «Safari ni ya kila mutu na Mungu wake.» Sisi tuko shule ya misheni, tunajua kujibu. Tufungue Matendo ya Mitume sura ya 27. Paulo alikuwa na ahadi ya Mungu kwamba hakuna atakayepotea. Hata hivyo mabaharia walipotaka kutoroka kwa siri na mtumbwi mdogo, yeye hakukaa kimya eti kwa sababu ana ahadi. Alimwambia mkubwa wa askari, na askari wakakata kamba za mtumbwi. Tena Luka ameandika hesabu yao: watu 276. Dhoruba inapiga, watu wamekaa siku nyingi bila kula, lakini kuna mtu amehesabu! Na wote wakafika pwani. Basi imani na orodha hazipigani. Sisi wa mwaka jana tulikuwa kama wale mabaharia wa mtumbwi mdogo, isipokuwa sisi hakuna aliyetukatia kamba.

Basi, tunaomba mambo haya, na tunayaomba kwa heshima.

La kwanza, orodha. Majina ya wanafunzi wote wa mtoni yaandikwe mara tatu. Karatasi moja ibaki kwa Bwana Prefe, moja aishike mkubwa wa msafara, na moja itangulie kwa jamaa au parokia ya Kikondja ili wajue wanangoja watu wangapi na siku gani. Wakikosa kufika siku ile, watafute. Wasingoje kuambiwa.

La pili, mkubwa wa msafara achaguliwe hapa shuleni, na msaidizi wake. Kama kuna mashua mbili, mmoja apande ya kwanza na mwingine ya pili. Wasikae pamoja hata kama ni marafiki. Na wadogo pamoja na wagonjwa wapande mashua iliyo nzuri, wakubwa wapande ile inayokohoa. Mwaka jana tulifanya kinyume.

La tatu, tulipe kwa pamoja. Hapa tunajibu wale wanaosema mwenye mashua hatakubali kungoja. Mwanafunzi mmoja akimwomba, hatasikia. Lakini wanafunzi 11 wenye nauli 11 mkononi ni wateja, na mteja anasikilizwa. Tulipe nusu Bukama, nusu Kikondja wakati mashua zote mbili zimefika. Mutaona kama hatangoja! Tena hatumwombi apoteze mafuta akizunguka ziwani. Tunamwomba tu achelewe kutoka. Kukaa ng'ambo hakuli mafuta.

La nne, kitu cha kuelea. Gileti za kuokoa ni bei, tunajua, na shule ina mahitaji mengi. Lakini bido tupu ya litri 20, iliyofungwa vizuri, ikizamishwa majini inasukumwa juu kwa nguvu karibu ya uzito wa kilo 19. Hayo ni mambo ya Archimedes, tumeyasoma. Mtu akiwa majini mwili wake karibu unaelea wenyewe, anahitaji kilo chache tu ili kichwa kibaki juu. Bido moja inaweza kushikiliwa na watu wawili. Kila mwanafunzi aende na bido yake na kamba ya mita mbili. Tena nyumbani mama hatakosa kazi ya bido! Mapipa yaliinua boti za 1915 katika mto uleule. Bido itatuinua sisi. Haishindi gileti, na siku tukipata gileti tutaziacha bido. Lakini kungoja gileti mikono mitupu ni ujinga.

La tano, kuvuka Kisale asubuhi. Mashua isiyoweza kufika pa kuingilia ziwa na mwangaza wa kutosha ilale chini yake, katika kijiji, hata kama mwenye mashua anakasirika. Mwezi wa saba maji ni kidogo, mchanga unatokea, na giza halina huruma.

Tunajua Bwana Prefe anaweza kutujibu: kazi ya shule inakwisha kwenye mlango wa shule. Sheria pengine iko hivyo, hatubishi. Lakini wazazi wetu hawakututuma kwa mlango, walitutuma kwa watu. Tunachoomba hakigharimu shule kitu: karatasi tatu, na mwalimu mmoja wa kusimamia uchaguzi. Mengine tutafanya wenyewe.

Na ninyi wenzetu wa Kolwezi msiseme haya hayawahusu. Ziwa la Nzilo liko kwenu, na lori mnalopanda ni sawa na mashua: nalo linajaa, nalo linaacha watu njiani, nalo halina orodha. Tena hata darasani wako wenye motere kubwa na wenye motere inayokohoa. Mwenye kuelewa hesabu mara moja, akimaliza anafunga daftari na kutoka. Je, hakupita karibu na mtu aliyekwama?

Yule dada wa darasa la nane atasafiri tena mwaka huu. Ametuambia anaogopa. Sisi tumemwahidi mbele ya wenzake kwamba atapanda mashua ya kwanza, na sisi wakubwa tutatoka wa mwisho, tukitazama mafunjo ya kushoto na ya kuume mpaka tumfikie. Hatutaki kumdanganya mara ya pili. Bwana Prefe, walimu wetu, tunangojea jibu lenu mbele ya mitihani.

Ni sisi wenu,
Wanafunzi wa mtoni, umanite ya tatu na ya nne, Lubudi